Bei za kampuni zinapandishwa kila mwaka, ahadi za kijiji zinabaki pale pale

Mu mwezi wa tano 2018, serkali ilipanga mushahara wa chini kabisa mu inchi yetu: franka 7,075 kwa siku. Wakati ule, dola moja ilikuwa inabadilishwa kwa franka 1,600 na kidogo. Maana yake, mufanyakazi alikuwa anapata zaidi ya dola 4 kwa siku. Ile 7,075 ilibaki hivyo mpaka 2025, serkali ilipoipandisha kufika 14,500. Lakini mu 2024 dola ilikuwa imefika karibu franka 2,800. Mufanyakazi yule yule, na 7,075 yake ile ile, alikuwa amebaki na dola 2 na nusu. Hakuna mutu aliyemukata mushahara, na karatasi haikubadilika. Feza njo ilibadilika.

Kampuni za migodi za Lualaba na Haut-Katanga zinaijua hii mambo muzuri sana, na hazingojee miaka saba. Kila mara wanapotaka kujenga kiwanda, kuongeza mashini ya kusaga mawe, ao kuomba mukopo ku banki, wainjiniere wao wanakamata bei za zamani na kuzipandisha kwa hesabu ya pekee, kusudi zifanane na bei za leo. Ni hesabu ya haki, na haina uchawi. Mutoto wa shule anayejua kugawanya na kuzidisha anaweza kuifanya.

Neno tunalotaka kusema leo ni hili: hesabu ile ile haifanywe kwa ahadi ambazo kampuni inatoa kwa wakaaji. Gharama za kampuni zinatembea na wakati. Shule, kisima na kituo cha afya vilivyoandikwa mu karatasi vinabaki ku bei ya mwaka walipotia saini. Tuangalie namna inavyofanyika, na nini wakaaji wanaweza kuomba.

Namba ya bei ni kitu gani

Kwa Kifaransa wanaiita indice. Sisi hapa tutaiita namba ya bei, kusudi kila mutu aelewe. Watu wa takwimu wanachagua vitu fulani, wanafuata bei zake mwezi kwa mwezi, kisha wanatia yote mu namba moja. Mwaka wa kwanza wanaupa 100. Kama mwaka mwingine namba imefika 120, maana yake vile vitu, kwa jumla, vimepanda 20 ku mia.

Ukiwa na ile namba, hesabu iko fupi. Kamata bei ya zamani. Gawanya namba ya bei ya leo na namba ya bei ya mwaka ule wa zamani. Kile unachopata, zidisha na bei ya zamani. Basi, umefika.

Tufanye mufano na namba za kweli. Kwa sababu mikataba ya migodi yetu inaandikwa karibu yote mu dola, tukamate namba ya bei za wanunuzi wa Marekani, pale dola inakotoka. Mwaka wa 2018, kwa wastani, ilikuwa 251.1. Mwaka wa 2024 ilikuwa 313.7. Gawanya 313.7 na 251.1, unapata karibu 1.25. Ni kusema, kitu cha dola 100 mu 2018 kinaomba dola 125 mu 2024. Ao tuseme kwa njia ingine: dola 100 uliyoahidiwa mu 2018 na kupewa mu 2024 inafanya kazi ya dola 80 tu.

Watu wengi hapa kwetu wanawaza kama franka njo inapoteza nguvu, na dola iko kama jiwe. Ni kweli franka ilianguka mbio zaidi. Ku mwisho wa 2017, bei mu franka zilikuwa zimepanda zaidi ya 50 ku mia mu mwaka moja. Lakini dola nayo inayeyuka, pole pole, na mutu asiyehesabu hawezi kuona.

Namba gani? Hapo njo pa kufungua macho

Namba ya bei haiko moja. Ziko nyingi, na kila moja iko na kazi yake. Namba ya wanunuzi inafuata mukate, nyumba, nguo, mafuta ya motokari. Haifuate chuma cha kinu wala pampu ya asidi. Kwa hiyo wainjiniere wa migodi na viwanda wako na namba zao.

Ya zamani inaitwa Marshall & Swift. Ilianza na mwaka wa 1926 kama 100, na ndani yake kulikuwa namba ya pekee kwa kazi ya kuchimba na kusaga mawe. Miaka mingi ilikuwa inatoka mu gazeti la Chemical Engineering, na vitabu vingi vya wainjiniere wa migodi vimejengwa juu yake. Gazeti lile lile liko na namba yake lenyewe, CEPCI, inayohesabu bei ya kujenga viwanda, na inakamata miaka ya 1957 mpaka 1959 kama 100.

Sasa angalia vile namba inavyobadilisha hesabu. Tuseme kampuni ilipanga mu 2018 kiwanda cha dola milioni 10. Inataka kujua bei yake mu 2022.

Kwa namba ya wanunuzi wa Marekani, tunatoka 251.1 mu 2018 na kufika 292.7 mu 2022. Kiwanda kinakuwa cha dola milioni 11 na 650,000.

Kwa namba ya viwanda, CEPCI, tunatoka 603.1 na kufika 816.0. Kiwanda kile kile kinakuwa cha dola milioni 13 na 530,000.

Tofauti ni karibu dola milioni 1 na 880,000. Hakuna mutu aliyeiba, hakuna mutu aliyedanganya. Walichagua namba mbili zenye kufuata vitu mbalimbali. Kwa kiwanda, namba ya viwanda njo inafaa zaidi, juu miaka ile chuma, mashini na meli za kuzibeba vilipanda kuliko mukate. Lakini mutu anayesoma raporti bila kuuliza ni namba gani walitumia, ni kama mutu anayenunua unga bila kuangalia kipimo.

Mwaka wa kuanzia nao uko na nguvu yake. Namba ile ya viwanda ilikuwa 596.2 mu 2020, ikapanda 816.0 mu 2022, ikashuka 797.9 mu 2023. Ukianzia 2020, unaweza kusema mu 2023: «Gharama zetu zimepanda karibu 34 ku mia». Ukianzia 2022, unapashwa kusema: «Gharama zimeshuka 2 ku mia». Yote mbili ni kweli. Kampuni inayoomba kupunguziwa kodi itapenda ile ya kwanza. Kampuni inayoongea na wenye kuleta feza zao itapenda ya pili. Musikilizaji anapashwa kujua kama zinatoka mu chungu kimoja.

Hapa haiko Marekani

Kuna jambo lingine. Zile namba zinapimwa kwingine. Mu CEPCI, karibu nusu ya uzito iko ku mashini na vyombo, na zaidi ya robo iko ku mishahara ya wajenzi wa Marekani. Mujenzi wa Kolwezi halipwe mushahara wa mujenzi wa kule. Na ule wa kule hahangaike na mambo ambayo kiwanda cha hapa kinahangaika nayo kila siku.

Mambo yenyewe tunayajua. Kwanza asidi: kupata shaba na kobalti kutoka mu mawe mengi ya hapa, wanayasaga na kuyalowanisha mu asidi ya sulfuriki. Sehemu ya ile asidi inatoka Zambia mu makamyo, ingine inatengenezwa hapa na sulfuri inayoingia kwa njia ya bahari. Pili moto wa umeme: SNEL ikikata, kiwanda kinawasha jenereta, na jenereta inakunywa mazuti. Tatu barabara: kila kitu kinachoingia na kinachotoka kinapita njia ndefu mpaka Dar es Salaam, Durban ao Beira, na foleni ya Kasumbalesa kila mutu anaijua. Siku moja makamyo ikisimama pale, ni feza inayosimama.

Kwa hiyo hesabu nzuri haikamate namba moja ya Marekani na kuzidisha gharama zote. Inagawanya gharama mu mafungu: asidi, umeme, mazuti, vyuma vya mashini, chokaa, mishahara, usafiri. Kila fungu linapewa uzito wake na namba ya bei yake. Wainjiniere wa ujenzi wa barabara na madaraja wanaijua ile namna, wanaiita révision des prix. Fungu lenye uzito mukubwa likipanda, jumla inapanda sana. Fungu dogo likipanda mara mbili, pengine mutu haoni kitu.

Hapo pia kuna mutego wa feza mbili. Mu 2023, bei mu franka zilipanda karibu 24 ku mia. Mu dola, kwa Marekani, zilipanda karibu 4 ku mia kwa wastani. Kama mutu anakamata gharama iliyoandikwa mu dola na kuizidisha na namba ya bei ya franka, ameipandisha bure. Kanuni ni moja: gharama ya dola inafuata namba ya dola, gharama ya franka inafuata namba ya franka. Ukitaka kuvuka kutoka feza moja kwenda ingine, pita ku kiwango cha kubadilisha, mara moja tu.

Makadirio haiko fakture

Mbele ya kwenda mbali, tuweke wazi jambo moja. Namba ya bei ni kifaa cha kukadiria. Inasaidia wakati hauna bei ya kweli: unapanga kazi ya kesho, ao unataka kulinganisha mwaka huu na miaka kumi iliyopita. Lakini gharama ikishalipwa, kuna fakture. Kodi ya faida inahesabiwa juu ya vitabu na fakture, haihesabiwe juu ya makadirio.

Kwa hiyo kampuni ikisema mu mukutano: «Bei za dunia zimepanda 35 ku mia, hatuna feza ya kufanya ile kazi», jibu la kwanza ni kuuliza: ile 35 ku mia mumeiona mu fakture zenu, ao mumeisoma mu gazeti? Kampuni kubwa inayonunua asidi kwa mukataba wa miaka mitatu inaweza kulipa bei ya zamani wakati soko lote linalia.

Mulango wa 25 ku mia

Sheria ya migodi ya 2018 ilileta kodi juu ya faida kubwa kupita kiasi. Inasema hivi: kampuni, mbele ya kuanza, inafanya uchunguzi wa kuonyesha kama mugodi utalipa, ile wanaita étude de faisabilité. Mu ule uchunguzi wanaandika bei ya madini waliyoitumainia. Kama bei ya soko inapita ile kwa zaidi ya 25 ku mia, faida inayotoka pale inaitwa surprofit, na inalipishwa kodi ya 50 ku mia.

Unaona namna mwaka wa uchunguzi unavyokuwa na uzito. Tuseme, kwa mufano tu, kampuni iliandika shaba kwa dola 6,000 tani moja. Mulango unafunguka ku dola 7,500. Kama uchunguzi ungefanywa mu wakati wa bei ya 8,500, mulango ungefunguka ku dola 10,625 tu. Shaba ilipita 10,000 mu mwezi wa tano 2021, na tena mu mwezi wa tano 2024. Ku bei ya 10,000 ile, kwa kampuni ya kwanza, serkali iko ndani ya nyumba. Kwa ya pili, serkali ingali inagonga mulango.

Kampuni zinasema: uchunguzi wa zamani uko na bei za zamani na gharama za zamani, na leo tunalipa mazuti na asidi kwa bei ya leo. Lile neno liko na uzito. Hauwezi kulinganisha bei ya shaba ya leo na gharama za miaka kumi iliyopita, na kusema yote iliyo katikati ni faida. Lakini kama tunakubali kupandisha gharama na namba ya bei, tukubali pia kuonyesha namba ile kwa wote, mwaka wake wa kuanzia, na uzito wa kila fungu. Hesabu inayofanywa mu chumba kilichofungwa haiwezi kuaminiwa, hata kama iko sawa.

Kile kinachohesabiwa ku mia, na kile kilichoandikwa mu namba moja

Sasa tufike ku mambo ya wakaaji. Sheria ya 2018 ilipanga njia mbalimbali za feza kufika chini. Tuzigawanye mu mafungu mawili, juu hazikutane na kupanda kwa bei kwa namna moja.

Fungu la kwanza ni zile zinazohesabiwa ku mia. Redevance ya shaba ni 3.5 ku mia. Ya kobalti ni 10 ku mia, tangu ilipotangazwa kuwa madini ya maana sana kwa inchi mu mwaka wa 2018. Ile redevance inagawanywa: 50 ku mia kwa serkali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa muji, komine, sekta ao sheferi pale mugodi uko, na 10 kwa mufuko wa vizazi vitakavyokuja. Tena kuna ile dotation ya maendeleo ya wakaaji: kila kampuni inapashwa kutoa angalau 0.3 ku mia ya mapato yake yote ya kuuzisha.

Hizi ziko na dawa ndani yake. Bei ya madini ikipanda, nazo zinapanda bila mutu kuandika barua. Lakini zinafuata bei ya madini, hazifuate bei ya simenti. Kobalti ilipoanguka mpaka serkali ikafunga kuipeleka inje mu mwezi wa pili 2025, redevance ya kobalti nayo iliumia, na simenti haikushuka juu ya ile.

Fungu la pili ni zile zilizoandikwa mu namba moja. Hapo njo kuna cahier des charges, daftari ya ahadi ambayo kampuni na wakaaji wanatia saini kwa miaka mitano. Ndani mutakuta: shule moja, dola kiasi hiki, kisima, dola kiasi hiki, barabara ya kilometa hizi, dola kiasi hiki. Miaka mitano ni mingi. Na kazi nyingi hazifanywe mu mwaka wa kwanza.

Mufano mukubwa wa ile mambo ni Sicomines. Mapatano ya 2008 kati ya Kongo na kampuni za China, vile yalivyorekebishwa mu 2009, yalisema dola miliardi 3 zitajenga barabara, hospitali na kazi zingine, na shaba ya Kolwezi italipa. Mu 2023, Inspection générale des finances ilisema kazi zilizofanywa zilikuwa za dola milioni 822 tu. Yakaja mazungumzo mapya, na mu 2024 ikatangazwa kama jumla imefika dola miliardi 7, na dola milioni 324 kila mwaka mpaka 2040, kama bei ya shaba iko juu ya dola 8,000 tani moja.

Kutoka 3 mpaka 7, ni kupanda kukubwa. Lakini tufanye hesabu yetu. Namba ya bei ya Marekani ilikuwa 215.3 mu 2008, na 313.7 mu 2024. Dola miliardi 3 za 2008 ni sawa na miliardi 4 na milioni 370 za 2024. Kwa hiyo zaidi ya miliardi moja ya ile nyongeza haiko nyongeza, ni bei ya kungoja. Na mbele? Kama bei za dola zinapanda 2.5 ku mia kila mwaka, na hapa tunafanya mufano, hatutabiri, basi milioni 324 za 2040 zitafanya kazi ya milioni 218 za 2024. Namba haitabadilika ku karatasi. Kilometa za barabara njo zitapunguka.

Darasa sita zinakuwa nne

Tushuke sasa mpaka ku kijiji. Mufano huu tumeutunga sisi, lakini kila mutu aliyejenga nyumba atauelewa.

Tuseme daftari ya ahadi ya 2020 iliandika: shule ya darasa sita, dola 120,000. Ni dola 20,000 kwa darasa moja. Kazi haikuanza mpaka 2024. Komite ya wakaaji inataka kujua bei mupya. Inagawanya gharama ya shule mu mafungu:

Simenti, 30 ku mia ya gharama, imepanda 30 ku mia.
Chuma na mabati, 20 ku mia ya gharama, vimepanda 40 ku mia.
Usafiri, 15 ku mia ya gharama, umepanda 25 ku mia.
Mishahara ya mafundi, 20 ku mia ya gharama, imepanda 10 ku mia.
Vitu vingine, 15 ku mia ya gharama, vimepanda 20 ku mia.

Ukizidisha kila fungu na uzito wake na kujumlisha, unapata 1.2575. Shule ile ile inaomba dola 150,900. Darasa moja sasa ni dola 25,150. Na dola 120,000 zilizoandikwa zinajenga darasa nne, na ya tano inabaki na kuta bila mabati.

Nani atapoteza zile darasa mbili? Kampuni itasema: tumetoa feza yote tuliyoahidi. Ni kweli. Entreprenere atasema: nimejenga kwa bei ya soko. Pengine ni kweli. Watoto wa darasa ya tano na ya sita njo watasoma chini ya muti, na hakuna mutu mu raporti atakayeonekana na kosa.

Juu ya ile, ahadi iliyoandikwa mu feza tu iko zaifu. Ahadi iliyoandikwa mu kazi iko na nguvu: «shule ya darasa sita, na madawati, na vyoo, bei ya 2020 dola 120,000, itakayorekebishwa kwa namba ya bei siku ya kuanza kazi». Musitari moja tu umeongezeka.

Kuna wanaokataa

Watu wa kampuni wako na majibu yao, na ni muzuri kuyasikiliza.

La kwanza: banki na wenye feza wanaomba namba inayojulikana, kampuni haiwezi kutia saini juu ya deni lisilojulikana mwisho wake. Lakini kampuni zile zile zinatia saini mikataba ya asidi, mazuti na usafiri yenye kurekebisha bei. Wanaweza kuweka kipimo cha juu, tuseme isipite kiasi fulani ku mia kwa mwaka, na kila mutu atalala.

La pili: namba ikishuka je? Tuliona kama CEPCI ilishuka mu 2023. Haki inaomba kukubali: ikishuka, bei ya kazi ishuke pia, kama kazi yote imefanywa. Wakaaji wanaotaka dola nyingi zaidi na wakaaji wanaotaka darasa sita haiko watu wamoja. Hawa wa pili njo wanapashwa kusikilizwa.

La tatu linatoka kwetu wenyewe: kupandisha bei kutafungulia mulango wale wanaotaka kula. Hilo ni la kweli kuliko yote. Namba ya bei hailinde shule ambayo haijengwe. Kama feza inapotea njiani, kuiongeza 25 ku mia ni kuongeza tu kile kinachopotea. Kwa hiyo hesabu hii inapashwa kutembea pamoja na jicho la wakaaji: karatasi zibandikwe mahali watu wanaona, ku sheferi, ku kanisa, ku soko, na bei za simenti zikamatwe na watu watatu wanaojua soko, haiko na mutu moja.

Maulizo ya kubeba ku mukutano

Daftari nyingi za ahadi zinafika mwisho wa miaka yake mitano na kuandikwa upya. Mutakapoketi na kampuni, bebeni haya maulizo.

Hii bei ni ya mwaka gani? Kila namba bila mwaka wake ni kama motokari bila plake.

Mulitumia namba gani ya bei, na nani anaitoa? Inaonekana kwa kila mutu, ao iko kwenu peke yenu?

Inafuata feza gani, dola ao franka? Mafungu ni gani, na kila moja iko na uzito gani?

Juu ya nini mulianzia mwaka huu na haiko mwaka ule?

Na la mwisho: namna mulivyopandisha gharama za kiwanda chenu, mutapandisha pia gharama za shule yetu? Kama jibu ni ndiyo, iandikwe mu daftari. Kama jibu ni hapana, waseme sababu mbele ya watu, na sababu ile iandikwe pia.

Si lazima mutu awe mutaalamu wa uchumi kwa kuuliza haya. Mama anayeuzisha unga ku soko anafanya hesabu hii kila asubui: alinunua ngapi wiki iliyopita, leo inanunuliwa ngapi, atauzisha ngapi kusudi kesho apate kununua tena mufuko ule ule. Asipoihesabu, mufuko wake unakuwa nusu mufuko. Daftari ya ahadi ya kijiji nayo inaomba tu hesabu ya yule mama.